Aliyetengwa Hapigiwi Filimbi

Misungwi,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Kaka Muganyizi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama amekaa hapa mkekani ananiangalia ninavyoandika, na amesema nisipokuamkia ataichana hii karatasi.

Simu yangu usiisubiri. Siku ile uliponikatia nikiwa katikati ya maneno niliapa sikupigii tena, na ukipiga sipokei. Kwenye simu wewe huwezekani. Ukibanwa kidogo tu, "mtandao unasumbua, Koku, mtandao unasumbua." Haya, karatasi haina mtandao. Modesta muuza dagaa anakuja huku kila Jumanne, siku ya gulio. Atatubebea barua, na nimemwambia asikubali maneno ya mdomo kutoka kwako.

Mama hali yake si nzuri. Miguu imevimba mpaka magotini na akitoka chumbani kwenda uani anapumzika njiani. Daktari ametuambia turudi naye nyumbani tukae naye vizuri, tumpe anachopenda. Daktari akishasema hivyo, kaka, wewe ni mtu mzima, unaelewa.

Anachopenda ni kimoja. Anataka azikwe huko Mwanza kando ya Tata, na bendi ya filimbi imtangulie kutoka mlangoni mpaka kaburini, kama ilivyomtangulia Tata. Hataki kingine. Hataki hata jeneza zuri. Bendi hiyo Tata, baba yetu, aliianzisha yeye, akiwafundisha watoto wa Mabatini kupuliza filimbi na kwenda mguu sawa kwenye vumbi la uwanja wa shule, na mashati ya hao watoto nani alikuwa anayafua? Mikono ya Mama ilichubuka kwa mashati ya bendi.

Lakini aliyetengwa hapigiwi filimbi, si ndiyo sheria yenu? Na kosa lake ni nini? Alikuja kwenye harusi yangu! Nimeolewa na Revocatus, Mkatoliki, kanisani kwao, na Mama akakaa benchi la mbele, akala keki, akacheza. Wazee wa usharika wakamwita akiri kwamba amekosa, akakataa, wakamtenga. Asile meza ya Bwana, na akifa asizikwe na kanisa. Mwaka wa sita huu. Wezi wa kuku wa Mabatini wamekwisha kuzikwa kwa nyimbo na mapambio, Mama yangu akae nje ya boma kwa sababu ya keki.

Sasa kiongozi wa bendi ni wewe. Fimbo ya kuongozea maandamano iko mkononi mwako. Sema na wazee wako. Ukiona haya kumsemea mama yako, sijui utamsemea nani.

Dadako,
Kokulinda


Mabatini, Mwanza,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Kokulinda,

Marahaba, hata kama ni ya kulazimishwa. Bwana Yesu asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikaiweka chini ya godoro, mke wangu asiione akaanza kulia. Unaandika kana kwamba mimi nilizaliwa na jiwe. Huyo ni mama yangu kabla hajawa mama yako, mdogo wangu, maana mimi ndiye niliyetangulia.

Lakini tuseme ukweli. Ulijua unachokifanya. Ulikuwa mpiga filimbi wa kwanza wa bendi, Tata alikuweka mbele ya wavulana wote, na ukaenda kufunga ndoa upande wa pili. Ungeweza kumleta Revocatus kwetu. Hukutaka. Na mimi sikuja, kwa sababu nilikuwa nimeonywa kama alivyoonywa Mama. Mimi nilisikia, yeye hakusikia. Leo lawama zote ni zangu.

Bendi si mali ya Tata wala yangu. Ni ya Usharika wa Mwambani, na usharika una Baraza la Wazee. Nimekwenda kwa Mzee Jovinary, mwenyekiti wa Baraza, nimepiga magoti kabisa. Amesema mlango haujafungwa. Mama aseme maneno matatu tu: "Nimekosa, naomba mnipokee." Unajua utaratibu. Jumapili waliotengwa wanaitwa mbele, mchungaji anawauliza, wanajibu, usharika mzima unasimama na kusema "Tumempokea", imekwisha. Na mgonjwa halazimishwi kuja. Anaweza kumtuma mtoto wake aseme kwa niaba yake.

Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa tutaiadhimisha Jumapili ya tarehe 3 Novemba. Bendi za Bukoba na Geita zinakuja, na msaidizi wa Askofu atakuwepo. Unakumbuka tunavyopita mitaani tukisimama kwenye mlango wa kila mjane wa mwanabendi, tunampigia ubeti mmoja? Kila mwaka nikifika mlango wa nyumba yetu, nyumba ninayolala mimi, inanibidi nipite bila kusimama. Mimi niko mbele na fimbo, watu wamejipanga wananitazama usoni. Unafikiri nafurahia?

Mwambie Mama aseme hayo maneno matatu. Hayamuumizi mtu.

Kaka yako akupendaye,
Muganyizi


Misungwi,
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mwanangu Muganyizi,

Mimi mama yako Wilhelmina nakusalimu. Ninasema na Koku anaandika, kwa maana mkono wangu unatetemeka. Nimemwambia asitie chumvi. (Sijatia. K.)

Nimesikia habari ya maneno matatu. Mwanangu, mimi ni Mlutheri tangu tumboni. Kutubu najua. Nimetubu mengi maishani mwangu, mengine hata baba yako hakuyajua, na hutayajua wewe. Sikatai kutubu kwa kiburi.

Lakini hebu nieleweshe. Nikisema nimekosa kwenda harusi ya mwanangu, si nitakuwa nimesema harusi yenyewe ni kosa? Na huyu anayeninywesha uji asubuhi, anayenigeuza kitandani, nitamwangalia vipi? Nimwambie Koku, wewe ndiye dhambi yangu, lete uji? Na hawa watoto wake wanaoniita Bibi, niwaambie nini? Hapana, mwanangu. Kudanganya watu gulioni ni vibaya. Kudanganya mbele ya madhabahu ili nipigiwe filimbi, hilo siliwezi.

Filimbi nazitaka. Sitakuficha, nazitaka sana. Nikilala nazisikia. Lakini ninachokuomba si filimbi. Simama wewe, siku yoyote ya Jumapili, uwaambie watu wa Mwambani: mama yangu hana kosa, mpokeeni. Wakikataa, wamekataa, hiyo ni juu yao na Mungu wao. Mimi nitakuwa nimesikia kwamba mwanangu alisimama, na hiyo itanitosha kuliko ngoma.

Tangu utotoni wewe ulikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Sikukucheka. Sasa umekua, toka nyuma ya mlango.

Nisalimie mkeo, na Precious mjukuu wangu. Mwambie asome.

Mama yako,
Wilhelmina


Mabatini,
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nina habari njema mpaka kalamu inanikimbia.

Jana nilisimama. Ndiyo Mama, mimi Muganyizi, mbele ya usharika mzima, bila karatasi. Magoti yalikuwa yananigongana lakini nilisimama nikasema habari zako. Nililia Mama, sioni aibu kusema. Akina mama walilia, hata Mzee Jovinary alitoa leso. Mchungaji akauliza usharika, watu wote wakasimama wakaitikia "Tumempokea!" kwa sauti ambayo nadhani mliisikia huko Misungwi. Wanabendi wakapiga ubeti pale pale ndani ya kanisa.

Basi imekwisha, Mama. Huna deni na mtu. Siku ya Sikukuu tutasimama mlangoni kwetu. Na ile siku nyingine, Mungu aiweke mbali, nitakutangulia mimi mwenyewe na fimbo, wewe usiwe na wasiwasi.

Mwambie Koku apunguze hasira. Na wewe pumzika, usijisumbue kujibu.

Mwanao,
Muganyizi


Misungwi,
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Muganyizi,

Leo shikamoo hupati. Mama amelala, hanioni.

Barua yako ilipofika nilimsomea. Kaka, hujawahi kuona furaha ya namna ile. Alinishika shingo, akaniambia "Unaona? Ulikuwa unamtukana kaka yako bure!" Nikaona haya, nikasema kweli nimemkosea. Akawaita majirani. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa: mwanangu amesimama kanisani akasema mama yangu hana kosa. Mpaka fundi baiskeli wa pale njia panda alisimuliwa. Siku hizo zote alikula.

Jumamosi wakaja akina mama wa usharika wenu, wamevaa sare, wamebeba sabuni na sukari na kitenge cha kumfunga. Wakaimba kuanzia barabarani. Mama akaniambia nimwinue akae kwenye kiti, apokee wageni kama mtu. Na kiongozi wao akampigia magoti akasema: "Hongera Mama Wilhelmina kwa kutubu. Mwanao alituletea maneno yako, 'Nimekosa, naomba mnipokee.' Alivyolia kwa niaba yako hakuna aliyebaki na jicho kavu."

Mama akauliza, "Maneno ya nani?"

Yule mama akadhani hasikii vizuri, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mbele ya majirani wale wale.

Unajua alichofanya? Hakuwaaibisha. Aliwashukuru, akasema wapewe chakula, akawauliza habari za watoto wao. Walipoondoka akaomba nimrudishe kitandani, akageukia ukutani. Kitenge kiko pale kilipowekwa, hajakigusa.

Lipo jingine. Mmoja wao, anaropoka kama redio, ameniambia nje wakati naosha vyombo: Baraza lilikuwa limekwisha kuamua kwamba kiongozi ambaye mama yake ametengwa hawezi kuongoza maandamano mbele ya msaidizi wa Askofu. Fimbo ilikuwa apewe mwanabendi mwingine, Venant. "Tunashukuru Mungu Mama ametubu kwa wakati," akaniambia. Kwa wakati! Kumbe magoti yaliyokuwa yanagongana yalikuwa yanaigongania fimbo. Ulimtubia mama yako ili uongoze bendi. Sijawahi kusikia mtu wa kabila lolote aliyefanya kitu kama hicho, na huku gulioni tunasikia mengi.

Revocatus kwa huruma yake alitaka kumwita padri. Mama amekataa. Amesema yeye ni Mlutheri na atakufa Mlutheri, hata kama Walutheri hawamtaki.

Huu ndio ujumbe wake, sijatia chumvi. Kabla ya Sikukuu usimame tena pale pale uwaambie kwamba yale maneno hakuyasema yeye, uliyatunga wewe. Ukisema, wamtenge upya wakitaka, asipigiwe hata filimbi moja, amekusamehe na uje umzike. Usiposema, usije. Amebakiza Jumapili moja ya kukusubiri, na mimi naona kabisa kwamba anajikaza kwa ajili hiyo tu.

Kokulinda


Mabatini,
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa bado na sare ya bendi, jasho halijakauka.

Kwanza nipige magoti. Barua ya Koku niliipata na kila neno lilinichoma. Mama, nilitaka kusema. Jumapili iliyopita niliinuka kwenye kiti kabisa. Lakini Mzee Jovinary alikuwa anatangaza habari za wageni wa Bukoba, watakapolala, watakapokula, na watu walikuwa na furaha, nikaona nikisema sasa hivi nimevunja Sikukuu ya watu wote kwa ajili ya jambo la nyumba moja. Nikakaa. Wageni wakishaondoka, Jumapili ijayo, nitasema. Hiyo ni ahadi, na safari hii siyo ya mdomo, nimeiandika.

Na Koku asikudanganye kwamba ilikuwa fimbo peke yake. Ilikuwa fimbo, sawa. Lakini nilitaka pia uzikwe vizuri. Hivi vyote viwili vilikuwa moyoni mwangu, na siwezi kukuambia kipi kilikuwa juu.

Sasa nikusimulie. Mama, ungekuwepo! Bendi tatu, filimbi zimetapakaa kutoka kanisani mpaka chini kwenye maduka, ngoma zinaitikiana kwenye mawe. Wauza mitumba waliacha biashara. Hata Wakatoliki walitoka misa yao wakasimama kutuangalia na watoto wao mabegani. Tulipofika mlangoni kwetu niliinua fimbo, na bendi zote zikasimama. Zote, Mama. Siyo ubeti mmoja, wamekupigia wimbo mzima. Precious nilimsimamisha mlangoni amevaa kanga yako, apokee kwa niaba yako. Watu walikuwa wanapiga vigelegele wakiita jina lako, "Wilhelmina! Wilhelmina!" Mtaa mzima. Nikasema moyoni, laiti angesikia.

Shemeji Revocatus alinipigia jana asubuhi mara nyingi. Sikupokea. Tulikuwa mazoezini na wageni na nilijua ni yale yale maneno ya Koku, nikaona yasije yakanivuruga kichwa kabla ya siku yenyewe. Baadaye nikazima simu. Mwambie asinielewe vibaya, nitampigia wiki hii.

Jumamosi ninakuja. Nitakuja peke yangu, bila sare, nikae na wewe siku nzima, na unichape ukitaka.

Mwanao,
Muganyizi


Misungwi,
Jumanne, 5 Novemba 2024

Muganyizi,

Modesta ameleta barua yako kwa Mama asubuhi hii. Nimeifungua mimi kwa sababu hakuna mwingine wa kuifungua. Yuko nje anasubiri jibu, na yeye pia nimemwambia sasa hivi, amekaa chini kwenye ndoo zake analia.

Mama alifariki Ijumaa jioni. Tulimzika Jumamosi alasiri.

Mimi nilisema usiambiwe, alivyoagiza yeye. Revocatus akaniambia "Koku, mama ni mama," akatoka uani akakupigia. Alikupigia mpaka betri ikamwishia. Ujumbe hakukuandikia, kwa sababu kifo cha mama wa mtu hakiandikwi kwenye simu kama tangazo la kupotea kwa ng'ombe. Alitaka usikie sauti ya mtu. Kumbe ulikuwa unapanga filimbi.

Hakuzikwa na kanisa lolote. Mchungaji wenu ningempata kwa uongo wako tu, na Mama alikuwa ameukataa. Padri, Mama mwenyewe hakumtaka. Mzee Nkwabi, baba mkwe wangu, ambaye hajawahi kukanyaga kanisa la mtu, alitoa nafasi shambani kwake bila kuulizwa mara mbili. Wanaume wa jirani walichimba. Mimi nilisoma kitabu cha sala cha Mama, kwa sababu hakukuwa na mwingine anayejua ukurasa. Watu walisimama wakasubiri nimalize. Hakukuwa na wimbo.

Sasa nikuambie la mwisho, halafu sina tena la kukuandikia.

Jumapili yako ilipita, Jumatatu ikapita, kila mtu akipita barabarani Mama anauliza ni nani. Ijumaa mchana pumzi ilianza kumbana. Akaniuliza, "Muganyizi amesema?"

Nikamwambia, "Amesema, Mama. Jumapili. Kanisa zima limesikia."

Akaniambia nimweleze ulisemaje. Nikatunga. Nikasema ulisimama ukasema, mama yangu hakutubu kwa sababu hana la kutubu, mimi ndiye niliyeongopa, niliitaka fimbo, chukueni fimbo yenu. Nikasema uliiweka chini mbele ya madhabahu ukatoka nje peke yako. Nilikutungia vizuri, Muganyizi. Nilikufanya mtu ambaye hata mimi ningependa kuwa na kaka kama yeye. Mimi ambaye nimekupigia kelele miezi yote hii kwa ajili ya uongo, nikamdanganya mama yangu anakata roho.

Alitabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika, lakini aliyemtaja ni wewe. Akasema, "Nilijua. Huyo ndiye mwanangu niliyemzaa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Huyo mwana mimi simfahamu. Kama wewe unamfahamu, mpelekee habari kwamba mama yake amekufa.

Kokulinda